Nani Atalikagua Tuta? Mhadhara wa Mtendeni

Nimekaribishwa hapa Mtendeni, mjini Tabora. Nitazungumza juu ya reli, barabara na bomba, lakini zaidi juu ya watu wanaopaswa kuvikagua vitu hivyo.

Reli ya kwanza iliingia Tabora mwaka 1912. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza, likakamilika mwaka 1928. Kazi yote hiyo ilifanyika bila sheria ya kumtaka mjenzi aseme mapema maji yatapita wapi, msitu kiasi gani utakatwa, au aliyekutwa njiani atahamia wapi na kwa gharama ya nani. Serikali ya kikoloni ilitaka reli, ikaijenga, na madhara yakabaki kwa waliokuwa karibu nayo.

Sasa reli ya pili inakuja. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021. Wa Tabora hadi Isaka, kilomita 165, ulifuata mwaka 2022, na kabla mwaka huo haujaisha ukasainiwa wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Mwishoni mwa 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha fedha za kuisukuma njia hiyo ya magharibi. Kaskazini mwetu, Nzega na Igunga, linapita bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga. Barabara ya lami imeshatufikisha Mpanda. Mji uliokuwa kituo cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji unarudi kuwa njia panda, na safari hii mizigo ni mizito zaidi.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya reli ya 1912 na hii. Hii ina ahadi zilizoandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Julai 2005, inazuia mradi wa aina hii kuanza kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni za 2005, zilizorekebishwa 2018, zinaeleza pia kinachofuata baada ya cheti cha mazingira kutolewa: mwenye mradi ajikague na kupeleka taarifa, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liwe na mamlaka ya kuja kukagua lenyewe. Juu ya hapo wakopeshaji wana masharti yao. Benki ya Dunia ina viwango kumi vya mazingira na jamii vinavyotumika tangu Oktoba 2018, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ina mfumo wake wa kinga.

Masharti hayo yalipatikana kwa watu kuumia kwanza. Mwaka 1992 tume huru iliyoongozwa na Bradford Morse ilichunguza bwawa la Sardar Sarovar kwenye mto Narmada, India, lililokuwa likijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikakuta wanaohamishwa hawakuandaliwa na mazingira hayakuangaliwa inavyopasa. Mwaka uliofuata mkopo ukakatishwa, na Benki ikaunda Jopo la Ukaguzi, mahali ambapo wananchi wa kawaida wanaweza kuishtaki Benki kwa kuvunja kanuni zake yenyewe. Walioandamana Narmada ndio waliotupatia haki hiyo sisi tulio huku.

Kwa hiyo karatasi tunazo. Hoja yangu usiku huu ni kwamba karatasi hizo zitalinda ardhi yetu pale tu anayeishi kando ya tuta atakapozijua, atakapofundishwa kuzikagua, na neno lake litakapogusa malipo ya mkandarasi. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, tutabaki na cheti kizuri kabatini na shimo kijijini.

Tuanze na shimo lenyewe, kwa sababu hakuna mradi wa barabara au reli usioliacha.

Tuta linahitaji kifusi, na kifusi hakisafirishwi kutoka mbali kama kinapatikana karibu. Mkandarasi anakubaliana na mwenye shamba au na kijiji, anapewa eneo, na asubuhi moja greda linashuka kwenye trela. Kitu cha kwanza linachokwangua ni udongo wa juu, ule wenye mizizi, mbegu na wadudu, ambao katika nchi yetu ya miombo ni mwembamba sana. Chini yake ndiko kuna moramu inayotakiwa. Mpango wa usimamizi wa mazingira unasema udongo ule wa juu urundikwe kando, peke yake, usichanganywe na kitu, usikanyagwe na magari, ili kazi ikiisha urudishwe juu na nyasi ziote zenyewe. Jambo hilo ni jepesi na gharama yake ni ndogo. Lakini dereva wa greda hajawahi kuuona ukurasa huo. Ameambiwa eneo, kina, na idadi ya tripu zinazotakiwa kabla ya jioni. Anasukuma kila kitu pembeni pamoja: udongo, visiki, mawe na kifusi kibovu. Saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, ukarabati wa shimo hilo umeshashindikana, na tathmini nzima pamoja na wataalamu wake haiwezi kuurudisha.

Miezi minane baadaye anakuja mkaguzi na fomu yake. Anakuta kuta zimesimama wima, maji ya rangi ya chai ya maziwa chini, nyayo za ng'ombe upande mmoja, na upande mwingine watoto wamevua mashati. Ataandika kwamba shimo halijakarabatiwa. Mkandarasi atajibu kwamba atalikarabati. Kwa udongo upi?

Sasa fikirieni kama mtendaji wa kijiji na mwenye shamba wangefundishwa jambo moja tu: siku greda linapoanza, angalia marundo. Yakiwa mawili, la udongo wa juu na la takataka, kazi inakwenda sawa. Likiwa moja, piga simu leo hii. Halihitaji digrii somo hilo. Linahitaji mtu aliyepo asubuhi ile, anayejua anachokitafuta, mwenye namba ya simu ya afisa ambaye atapokea na kuja.

Wanakijiji wengine huomba shimo libaki wapate lambo la mifugo. Ombi hilo ni la haki, hasa sehemu ambazo kiangazi ni kirefu, na mkandarasi hulipokea kwa furaha kwa sababu linampunguzia kazi. Lakini lambo lina masharti yake. Upande mmoja uchongwe mteremko ambao ng'ombe na mtoto wanaweza kuupanda na kutoka, kina kijulikane, na makubaliano yaandikwe kwenye mkutano wa kijiji na kusainiwa kabla mitambo haijaondoka. Shimo lililoachwa lilivyo halafu likabandikwa jina la lambo ni hatari kwa watoto wa kijiji hicho kwa miaka mingi ijayo, na mimi sikubali liitwe mchango wa mradi kwa jamii.

Mafunzo mengi ya kinga ya mazingira niliyoyaona hufanyika ukumbini. Siku mbili, slaidi, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja. Wanaokuja ni maafisa na wahandisi, watu wazuri, ambao wengi wanayajua tayari yanayofundishwa. Dereva wa greda hayupo. Nyapara hayupo. Dereva wa boza, ambaye akiacha kumwaga maji mara mbili kwa siku vumbi linaingia kwenye sufuria za akina mama na kwenye vifua vya watoto, hajui hata kama semina ilifanyika. Mtendaji wa kijiji alialikwa, lakini karatasi alizopewa ni za Kiingereza.

Mimi ningetaka somo la kwanza litolewe machimboni, kabla greda halijaguswa, dakika 20 zinatosha, na wawepo dereva, nyapara, mtendaji na mwenye shamba. Somo la pili litolewe kwenye kalavati wakati mvua inanyesha. La tatu kambini kwa wafanyakazi, juu ya mwenendo wao na wenyeji. Ukumbi tuuache kwa somo la nne, la wahandisi washauri na wakadiriaji majenzi, kwa sababu hao wana ugonjwa wao, nao ni jedwali la bei.

Hapa naomba subira yenu, maana jambo hili la kihasibu limeharibu ardhi nyingi. Mkandarasi hufanya kile kilichoandikwa kwenye jedwali la bei la mkataba. Kuchimba, kujaza na kushindilia, kwa mita za ujazo, vina bei na vinalipwa kila mwezi mhandisi mshauri anaposaini hati ya malipo. Kurudisha udongo wa juu, kupanda nyasi kwenye mteremko wa tuta, kuweka choo cha wafanyakazi mbali na mto, mara nyingi hufungwa kwenye mstari mmoja wa jumla, au huambiwa vimo ndani ya bei nyingine. Kisichokuwa na bei yake hakina siku yake ya kufanywa. Mkandarasi aliyeshinda zabuni kwa bei ya chini atakipunguza hicho kwanza, na wala si kwa ubaya wa moyo. Dawa yake inajulikana: kila ahadi ya cheti cha mazingira ipewe mstari wake, kipimo chake na bei yake, na hati ya malipo ya mwezi isisainiwe mpaka afisa mazingira wa mhandisi mshauri ameandika kilichofanyika na kisichofanyika. Mkaguzi mwenye sahihi kwenye malipo husikilizwa siku hiyohiyo. Asiyekuwa nayo anaandika taarifa nzuri za kusomwa na wajukuu.

Nihamie kwenye maji.

Walio na ndugu Nzega na Igunga wanajua majaruba ya mpunga yanavyotegemea maji yanayotambaa juu ya mbuga wakati wa mvua. Maji hayo hayana mto. Yanakuja kama shuka, mapana, ya kina kifupi, yakijaza jaruba moja na kumwagikia lingine. Ukipitisha tuta la reli katikati ya mbuga, umeweka ukuta. Mhandisi anaweka kalavati, na kwa hesabu zake kalavati hilo linatosha kupitisha maji yote ya mvua kubwa bila tuta kubomoka. Hesabu ni sahihi kwa tuta. Kwa mkulima ni jambo lingine, kwa sababu maji yaliyokuwa yakipita upana wa kilomita nzima sasa yanatokea kwenye tundu moja. Upande wa juu yanatuama na kuozesha mpunga. Upande wa chini, aliye mbele ya tundu anachimbiwa korongo, na jirani yake wa mita 300 anakosa tone.

Jawabu si kuikataa reli. Zinatakiwa kalavati ndogo nyingi badala ya kubwa chache mahali penye mbuga, mawe yaliyopangwa kwenye mdomo wa kutokea ili maji yatulie kabla ya kugusa udongo, na mtu wa kwenda kuangalia masika ya kwanza. Ramani ya mhandisi huonyesha mito. Mzee wa kijiji anajua maji yasiyo na mto yanapita wapi, ila akiulizwa kwenye mkutano wa watu 200 akiwa amepewa dakika mbili, hatasema lolote la maana. Mpeleke mbugani pamoja na mpima, akiwa na fimbo yake, na mchoro wa kalavati utabadilika palepale. Kwangu mimi ushirikishwaji wa wananchi ni huo.

Upande wa Kigoma maji yana uzito mwingine. Bonde la Malagarasi na Muyovozi liliandikishwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya mkataba wa Ramsar wa ardhioevu. Reli ya Kigoma inapita katika bonde la mto Malagarasi. Samaki, ndege na wavuvi wa huko wanategemea maji kupanda na kushuka kwa majira yake, na kila tuta linalokatisha ardhioevu linaongeza au kupunguza kitu. Nawaomba wanafunzi wa Tabora mlioko vyuoni mchague utafiti wenu huko sasa, kabla na wakati wa ujenzi, ili baada ya miaka 10 tuwe na cha kulinganisha.

Mazingira katika shughuli hii yanahusu watu pia, na hapa nina mfano ambao haupendezi kuusimulia mbele ya mama zangu, lakini lazima.

Mwaka 2009 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa uchukuzi nchini Uganda. Sehemu yake ilikuwa kuweka lami barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, magharibi mwa nchi, jambo ambalo wenyeji walilihitaji kweli. Mkandarasi akaja, kambi zikajengwa, mamia ya wanaume wenye mshahara wakawekwa katikati ya vijiji maskini. Wasichana, baadhi yao wanafunzi wa shule, wakanyanyaswa kingono na wafanyakazi wa mradi. Wapo waliopata mimba na kuacha masomo. Jamii ya Bigodi, kwenye barabara hiyo, ilipeleka malalamiko kwa lile Jopo la Ukaguzi mwishoni mwa 2014, na Desemba 2015 Benki ikaufuta mradi wote, dola milioni 265. Baadaye ikasimamisha kwa muda mikopo mipya kwa Uganda.

Mradi ule haukukosa karatasi. Ulikuwa na wasimamizi, ripoti na ziara za ukaguzi. Waliokagua walihesabu kalavati na vifusi. Msichana wa Bigodi hakuwa kwenye fomu yao. Hakukuwa na dawati ambalo mama yake angeliamini, karibu na nyumbani, lenye mwanamke wa kumsikiliza na wajibu wa kujibu kwa siku zinazojulikana. Ndiyo maana sauti yake ilibidi isafiri mpaka Washington.

Kambi zinajengwa au zitajengwa katika mkoa wetu. Kila kambi ina wajibu wa kuwa na kanuni za mwenendo zilizosainiwa na kila mfanyakazi, kibarua wa siku moja pamoja. Daftari la malalamiko lipo kwa kawaida. Nendeni mkaliangalie. Likiwa tupu baada ya mwaka mmoja wa kazi, msifurahi. Kazi yenye mamia ya vibarua, malori usiku na mchana na ardhi za watu haiwezi kukosa lalamiko hata moja. Daftari tupu maana yake watu wanaogopa, au hawajui lilipo, au limewekwa ndani ya geti lenye mlinzi.

Wapo wahandisi, marafiki zangu, wanaosema haya yote yanachelewesha maendeleo. Nawaheshimu, na najua presha ya kukabidhi kazi kwa tarehe. Lakini Kamwenge ilichelewa kwa sababu ya kutoyafanya haya. Na Lamu, jirani zetu wa pwani ya Kenya, kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa Kwasasi kilinyang'anywa leseni tarehe 26 Juni 2019 na baraza la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji. Wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuusoma na kuujadili utafiti baada ya kukamilika, na mikutano ya mwanzo, kabla matokeo hayajajulikana, haikuweza kuchukua nafasi hiyo. Waliosimama mbele ya baraza hilo walikuwa watu wa Lamu wenyewe, waliokataa kuambiwa kwamba wameshirikishwa.

Kuna jambo la mfumo ambalo hatulisemi vya kutosha. Mtaalamu anayeandika tathmini huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Lazima awe amesajiliwa, ana maadili ya kazi, na NEMC hupitia kazi yake, lakini mteja wake ni yule anayetaka mradi upite. Wengi hufanya kazi kwa uaminifu. Ninawajua na wamewahi kuniudhi kwa ukali wao. Hata hivyo mfumo unaomtegemea mtu mmoja awe jasiri dhidi ya anayemlipa ni mfumo dhaifu. Jicho la pili lisilolipwa na mradi ni la lazima, na lililo karibu kuliko yote ni la mwananchi. Kanuni zinataka taarifa ya tathmini iwe na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Ule wa Kiswahili uko wapi? Ungekuwa umebandikwa ofisi ya kata, watu wangejua waliahidiwa miti mingapi, kisima gani, na uzio upande upi wa shule.

Bomba la mafuta linatupa nafasi ya kujifunza. Ni kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko upande wetu. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, lazima yasafiri yakiwa na joto la nyuzi 50 au zaidi, na ndiyo maana katika kijiji cha Sojo, kata ya Igusule, wilaya ya Nzega, kilizinduliwa Machi 2024 kiwanda cha kuyafunika mabomba kwa tabaka la kutunza joto. Mkondo wa ujenzi una upana wa mita 30 hivi, na bomba linafukiwa. Mradi huu umepingwa sana Ulaya, bungeni na kwenye mabenki, hasa kwa sababu ya hali ya hewa na haki za waliotwaliwa ardhi, na mjadala huo si wa kudharau. Lakini hata anayeupinga na anayeuunga mkono wanaweza kukubaliana kwamba mkondo wa mita 30 kutoka Kagera mpaka Tanga ni darasa refu kuliko yote tuliyowahi kupata juu ya udongo wa juu: ulitengwa au haukutengwa, umerudi au haujarudi, nyasi zimeota au korongo limeanza. Halmashauri za Nzega na Igunga zingeweza kupeleka watendaji wao wote kujifunza hapo kwa nauli ya daladala.

Nataja kwa ufupi mambo mawili ya kwetu hasa, kwa sababu wakaguzi wageni hawayaoni.

La kwanza ni nyuki. Tabora ina asali na ina Chuo cha Nyuki, na watu wengi wana mizinga juu ya miti ambayo hawakuipanda wao. Fidia huhesabu nyumba, mazao na miti ya kupandwa. Mti wa mtundu wa porini uliobeba mizinga mitatu kwa miaka mingi hauna mpandaji, na mthamini anaweza kuupita bila kuandika kitu. Viwango vya Benki ya Dunia vinataka riziki ya mtu irudishwe, hata kama ardhi si yake kwa hati. Kwa hiyo mrina asali aandikwe, mizinga yake ihesabiwe ikiwa mtini, na apewe muda wa kuihamisha nyuki wakiwa hawajasumbuliwa. Walimu wa chuo chetu wanaweza kumfundisha mthamini kazi hiyo kwa siku moja.

La pili ni vitu vya kale. Njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, pamoja na Kwihara yetu ya Tabora, imo tangu 2006 kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Shanga, vigae, makaburi na misingi ya matembe viko ardhini kwenye njia hii, na makaburi mengine ni ya watu waliokufa wakiwa mizigoni, bila jina. Mkataba huwa na kifungu kinachosema kikiibuka kitu cha kale kazi isimame na wahusika wa mambo ya kale waitwe. Anayekiona kwanza ni mwenye sururu. Mwambieni, na mwambieni pia kwamba hatakatwa siku yake kwa kuisimamisha kazi, la sivyo atafukia.

Basi ni nani wa kufanya ukaguzi huu wa karibu? Sheria imeshajibu. Ile ya 2004 inataka kila kata, kijiji, mtaa na kitongoji kiwe na mtu aliyeteuliwa kusimamia mazingira, na inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kupata taarifa za mazingira. Niwaulize watu wa Mtendeni: ni nani huyo hapa kwetu? Nimeuliza swali hili kata nyingi, na jibu la kawaida ni ukimya, kisha mtu mmoja anatajwa ambaye mwenyewe hajui kwamba ameteuliwa.

Huyo ndiye wa kufundishwa. Afundishwe kuchukua ahadi moja kutoka kwenye mpango, kuifuata mpaka mahali pake, kupiga picha yenye tarehe, kumsikiliza aliyeathirika bila mkandarasi kusimama karibu, kuandika kasoro kwa maneno yanayopimika, na kupanga siku ya kurudi. Afundishwe pia kutochukua chochote kambini, hata lifti ya kurudi nyumbani. Na asiachwe peke yake. Wawe wawili, mwanamke na mwanamume.

Nauli na posho zao zitoke wapi? Mradi usiwalipe, kwa sababu niliyokwisha kueleza. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mapato ya kampuni zinazofanya kazi ndani ya mipaka yao, wakandarasi wakubwa wamo. Mikataba hii ni ya mabilioni mengi ya shilingi, na mitambo ikiondoka ushuru huo unaondoka nayo. Napendekeza sehemu yake, iliyotamkwa kwenye bajeti kwa kifungu chake, itengwe kwa wakaguzi hao: mafuta ya pikipiki, vocha, buti za mvua, na mafunzo mara mbili kwa mwaka, moja kiangazi machimboni na moja masika kwenye kalavati. Isiishie siku ya kukata utepe. Baada ya kukabidhi kazi kuna kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, ambapo mkandarasi bado analazimika kurekebisha kasoro na sehemu ya fedha zake bado imezuiwa. Mwaka huo una msimu mmoja kamili wa mvua, Novemba hadi Aprili, na ndani yake kila kalavati litaonyesha kama lilijengwa mahali pake. Taarifa ya mkaguzi wa kijiji ikimfikia mhandisi kabla ya fedha hizo kuachiwa, korongo litazibwa kwa gharama ya mradi. Ikichelewa, litazibwa na mkulima kwa jembe.

Pendekezo hilo nimeliandika kurasa mbili kwa Kiswahili, pamoja na makadirio ya gharama kwa kata moja. Nakala ziko kwa mtendaji hapo mbele. Naomba lifike kwenye kikao kijacho cha kamati ya maendeleo ya kata, na kutoka hapo kwa madiwani, kabla bajeti ya Julai haijafungwa.